Kanzu za Dini Isiyokuwapo

Nyeupe ina wenyewe. Nyekundu nayo ina wenyewe, tena wengi. Buluu ni ya Bikira Maria, na kuna watu wanaoivaa kwa ajili yake kuanzia kitambaa cha kichwa hadi pindo la chini. Zambarau ni ya maaskofu. Kijani ukiishona tu, mtu atakuuliza wewe ni wa tarika gani. Nyeusi hapa Mombasa ni buibui mwaka mzima, na ikiingia Muharram ni msiba wa Imam Hussein kwa ndugu zetu Mashia. Rangi ya chungwa wanayo watawa wa Kihindu. Kahawia wanayo Wafransisko, pamoja na kamba yao kiunoni. Orodha hii niliiandika nyuma ya daftari langu la vipimo, hapa Magongo, nikitafuta jibu la swali moja la kazi: dini ambayo haipo duniani huvaa rangi gani?

Swali lililetwa na kikundi cha vijana wa maigizo pamoja na mwalimu wao. Wana mchezo wa jukwaani kuhusu dhehebu la kubuni: mhubiri anahamia kijijini, anakusanya watu, anawatenga na jamaa zao, na mwishowe anawaamuru wafunge wasile mpaka wafe. Walitaka kanzu 12 za waumini na 1 ya mhubiri. Mchoro walikuja nao tayari kwenye simu: kanzu nyeupe ya tetroni, msalaba mwekundu kifuani, kilemba cheupe, mshipi mwekundu. "Si ya kanisa lolote, Fundi," mwalimu akaniambia. "Ni ya uongo tu. Twataka mtu akiiona ajue hawa ni watu wa dini ya ajabu."

Sasa, mchoro ule kila kipande chake nakijua kinakotoka. Simama Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Magongo, kabla matatu za Mikindani na Jomvu hazijaanza kugombania abiria, utakiona kikipita kwa miguu. Kilemba kile ni cha Wakorino. Msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe ni wa watu wa Roho. Nyeupe pamoja na ngoma na bendera ni Israel. Vijana walidhani wamebuni, kumbe wamewachora majirani zao.

Mimi si mtu wa kukataa kazi. Lakini fundi anayeshona kanzu bila kujua kanzu ni nini atakuwa anashona gunia, kwa hiyo nilimwomba mwalimu wiki mbili, nikaanza kuitafuta historia ya nguo hii. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza kanzu yenyewe. Hapa pwani kanzu ina viungo kama mwili wa binadamu, na kila kiungo kina jina. Badani ni kipande cha mbele na cha nyuma. Taharizi ni vile vipande virefu vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini, vinavyoshuka kutoka kwapani hadi pindoni. Hivyo ndivyo vinavyompa mtu nafasi ya kupiga hatua. Kikwapa ni kile kipande kidogo chini ya mkono, bila hicho ukiinua mkono kusalimia nguo yote inapanda. Kaba iko shingoni. Lisani iko chini ya mpasuo wa kifua, kama ulimi. Aliyenifundisha kazi hii Mji wa Kale alikuwa hanipi mkasi mpaka nivitaje vyote kwa mpangilio, kama mtoto wa chuoni anayesoma alifu kwa kijiti.

Kitambaa nacho kina safari yake. Katika karne ya 19 pamba nzito iliyotawala soko la Zanzibar, Mombasa na njia zote za misafara ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem. Watu wakaiita merikani, na jina likabaki hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kuukata ule mzigo na vitambaa vya Uingereza na India kuchukua nafasi yake. Pamba yenyewe ilikuwa imechumwa kwa kiasi kikubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ikavuka bahari mbili, ikafika huku, ikawa fedha ya kununulia pembe, na kununulia watu pia.

Na huku pwani nguo ndiyo iliyokuwa ikitenga mtu na mtu. Mwungwana alivaa kanzu, kofia na viatu, na akiwa mkubwa akatupia joho juu yake. Mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na hapa pwani ya Kenya mwaka 1907, mojawapo ya mambo ya kwanza waliyofanya walioachiwa huru ni kujivika. Wanaume wakachukua kanzu na kofia, wanawake wakachukua kanga na baadaye buibui. Hawakungoja ruhusa ya mtu. Leo tunaona kanzu kama nguo ya Ijumaa, ya harusi, ya Idi, na tunasahau kwamba kuna babu wa babu zetu ambaye siku aliyoivaa mara ya kwanza alikuwa anatoa tangazo.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliandika chini ya orodha ya rangi: nguo ndefu ni dai. Anayeivaa anasema, "Na mimi pia."

Makanisa yaliingia kwenye hadithi hiyohiyo kwa mlango wao. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Rebmann wakaanzisha misheni Rabai, ambako ukitoka hapa Magongo unapitia Mazeras tu unafika. Mwaka 1875 ikaanzishwa Frere Town upande wa Kisauni kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ile kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Hapo mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa daraja la ushemasi William Jones na Ishmael Semler, wana wa Afrika waliokuwa wameokolewa kwenye majahazi ya watumwa wakalelewa India. Hebu fikiria: watu waliowahi kuuzwa, wakasimama mbele ya kanisa wamevaa nguo ya watumishi wa madhabahu.

Lakini walikuwa wawili. Katika makanisa ya kimisheni vazi refu lilikuwa la waliopewa daraja, na kwa miaka mingi waliopewa daraja walikuwa Wazungu isipokuwa wachache. Muumini wa kawaida aliketi kwenye benchi na shati lake. Aliangalia kanzu kwa mbali, kama mtoto anavyoangalia keki ya harusi isiyo ya kwao.

Halafu ikaja reli. Kazi ilianza hapa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Sisi tumezoea kusema reli ilipeleka watu bara. Ni kweli, lakini pia ilileta watu pwani, makuli wa Kilindini, mafundi wa karakana, wapishi na madobi. Changamwe, kituo cha kwanza ukishavuka kisiwa, ikawa mahali pa kukaa. Baadaye kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta miaka ya 1960, kikaajiri na kuvuta watu mpaka kiliposimama mwaka 2013. Magongo, Chaani, Migadini, Mikindani, mitaa yote hii ilijazwa na watu waliotoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Taita, wakakaa pamoja na Wamijikenda na Waswahili. Kila mmoja alikuja na sanduku, na ndani ya sanduku mara nyingi mlikuwa na kanzu ya kanisa la kwao.

Makanisa hayo ya kwao ndiyo yaliyofanya jambo ambalo wamisheni hawakulifanya: yalimvika kila mtu.

Johana Owalo alisimulia kuwa alionyeshwa mbingu mwaka 1907. Alikuwa amepitia Ukatoliki na Uislamu kabla ya kuanzisha Nomiya Luo Church, ambalo wanahistoria wengi wanalihesabu kuwa kanisa huru la kwanza Kenya. Wanaume wake walitahiriwa, na kanzu nyeupe ikawa nguo ya ibada. Huoni hapo alama ya pwani iliyopanda treni?

Mwaka 1934 ulikuwa mwaka wa damu kwa watu wa kanzu na vilemba. Mwezi wa Januari, huko Musanda, magharibi mwa Kenya, Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa watu wa Roho, aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake, nyumba yake ikachomwa moto, katika ugomvi uliochanganya dini na ardhi. Waliobaki walitawanyika kuhubiri. Msalaba mwekundu unaouona kwenye kanzu zao si pambo la fundi. Mwezi wa Februari, msituni Ndarugu katika nchi ya Wakikuyu, polisi wa kikoloni waliwapiga risasi watu watatu wa kundi lililojulikana kama Watu wa Mungu, mmoja wao Joseph Ng'ang'a. Kundi hilo ndilo tunaloliita leo Wakorino, watu wa vilemba vyeupe. Jomo Kenyatta aliandika kuwahusu katika kitabu chake cha 1938. Serikali iliwaona kama hatari kwa sababu walisali msituni, walikataa vitu vya Wazungu, na hawakuwa na kadi ya kanisa lolote lililotambuliwa. Kwa lugha ya leo tungesema: walionekana watu wa dini ya ajabu.

Mwaka 1942 Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel Church Nineveh, na waumini wake wakatoka barabarani na kanzu nyeupe, vilemba, ngoma na bendera. Miaka ya 1960 mwanzoni wakaja Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko na Legio Maria, waliotoka kwenye Ukatoliki. Hawa nawaheshimu kwa namna ya kipekee kama fundi. Wakati ambapo Roma, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliruhusu misa kwa lugha za wenyeji, Legio walikishika Kilatini wakakataa kukiachia. Na rangi wakazifungua zote. Nina mteja wa Legio ambaye haji dukani kuchagua kitambaa. Anakuja na rangi aliyooteshwa usingizini, ananieleza mpaka naiona, halafu tunaitafuta pamoja Mtaa wa Biashara, duka kwa duka. Siku moja tulitafuta buluu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila muuzaji alitoa buluu yake, yeye akatikisa kichwa. Tulipoipata hakusema neno, aliigusa tu.

Sasa niambie, mtu huyo umvue buluu yake umvike mwigizaji anayecheza muuaji?

Maana hilo ndilo lililokuwa mezani. Mchezo wa wale vijana haukutoka hewani. Mwezi wa Aprili 2023 nchi ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Paul Mackenzie, mhubiri wa Good News International, alishtakiwa, na mashtaka ameyakana. Rais akaunda jopokazi la kuchunguza sheria za mashirika ya kidini, na kila kanisa lisilo na jengo la mawe likaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Ni haki kabisa vijana wa pwani kuandika mchezo kuhusu jambo hilo. Wasipoandika wao ataandika nani?

Lakini angalia picha za Shakahola. Kanisa lile halikuwa la kanzu wala vilemba. Mshtakiwa tulimzoea mahakamani na jaketi yake ya waridi na nyeusi. Waumini wake walivaa nguo za kawaida kama mimi na wewe. Kanzu nyeupe haikuhusika hata kwa uzi mmoja. Na bado, vijana werevu wa Magongo walipotaka kuchora ubaya wa dini, mkono wao ulikwenda moja kwa moja kwenye kanzu ya nyanya yao.

Nasema nyanya si kwa mfano. Nina mteja, mama mzee wa kanisa la Roho, ambaye kila mwaka huniletea kanzu yake nimbadilishie pindo lililochakaa. Mwaka ule wa 2023, alinieleza, alikuwa anavuka barabara na kanzu yake Jumapili, kondakta mmoja akamtolea kichwa mlangoni: "Nyanya, mwaenda kufunga mpaka mfe?" Abiria wakacheka. Naye alinisimulia akicheka, akaongeza kwamba asubuhi ile alikuwa amekula mihogo na samaki, kondakta mwenyewe pengine alikuwa na njaa. Tangu siku hiyo kanzu huibeba kwenye mfuko wa plastiki, akaivaa akifika mlango wa kanisa. Vazi ambalo watu wake walilipata kwa moto wa Musanda, leo linasafiri limekunjwa kama kitu cha wizi.

Nilipomweleza mwalimu hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la maana: "Lakini Fundi, mchezo ni mchezo. Watu si wajinga, wajua ni maigizo."

Ni kweli pwani yetu imezoea maigizo ya mavazi. Mapema karne ya 20 Mombasa ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Kingi na Skochi, na wanachama wake walijipa vyeo vya kifalme na kijeshi, wakashona sare za kufuata vyeo hivyo. Skochi, kama jina lao linavyosema, waliiga askari wa Uskoti. Ilikuwa mashindano, fahari, karamu na misaada ya kuzikana. Hata hivyo wakubwa wa kikoloni waliwatilia shaka, wakajiuliza kama ngoma ile ni jeshi la siri. Wachezaji walijua ni mchezo. Mtazamaji mwenye bunduki hakuwa na hakika.

Kuna kisa kibaya zaidi, nacho ni cha Marekani. Kundi la Ku Klux Klan lilianza Tennessee baada ya vita vile nilivyovitaja, na wanachama wake wa kwanza hawakuwa na sare moja. Walijifunika chochote, magauni ya wake zao, barakoa, pembe za wanyama, mifuko. Mwaka 1905 Thomas Dixon akatoa riwaya iliyowasifu, na mwaka 1915 D. W. Griffith akaitengenezea filamu, The Birth of a Nation. Kwenye filamu wale watu walionekana kwa mamia juu ya farasi, mavazi meupe, kofia za kuchongoka. Mwishoni mwa mwaka huohuo mtu aitwaye William Simmons alilifufua kundi hilo juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia, na vazi likawa lile la sinema. Miaka ya 1920 kanzu hizo zilishonwa kiwandani na kuuzwa kwa oda kwa watu waliofikia mamilioni. Yaani vazi la hadithi lilitoka kwenye pazia likaenda kuua watu weusi kwenye miti halisi.

Na katika kutoka kwake, likachafua wasiohusika. Kule Sevilla, Hispania, waungama dhambi huandamana Wiki Takatifu na kofia ndefu za kuchongoka zilizofunika uso, desturi yenye karne nyingi kabla ya Griffith kuzaliwa. Leo mgeni akiwaona kwa mara ya kwanza hushtuka. Wao hawakumfanyia mtu lolote. Umbo lao liliazimwa tu na watu wabaya, halikurudishwa safi.

Wakati mwingine matokeo huwa ya kuchekesha. Star Wars ilipotoka mwaka 1977, ikampa John Mollo tuzo ya Oscar kwa mavazi, watawa wake wa kubuni walivaa majoho yenye kofia kama watawa wa kweli. Katika sensa ya 2001, watu wapatao 390,000 Uingereza na Wales waliandika kwamba dini yao ni Jedi. Wengi walitania, bila shaka. Lakini huwezi kumtania mtu kwa vazi asilolijua. Vazi lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa limekopwa.

Kwa hiyo nilimjibu mwalimu hivi: watu si wajinga, ndiyo maana vazi litafanya kazi. Watakumbuka kanzu kuliko maneno. Mchezo utaisha saa kumi na mbili jioni, na Jumapili mtoto aliyeutazama atamwona mama wa Roho barabarani.

Tukarudi kwenye orodha ya rangi, tukakubaliana kwamba hakuna iliyo tupu. Mombasa ni mji wa dini nyingi mno. Hata ukichanganya mbili unapata ya tatu yenye wenyewe. Nikamwambia: rangi tuiache, tushike mkasi. Kama dhehebu lenu lina ubaya, ubaya huo tuutie kwenye mkato, mahali ambapo hakuna kanisa lolote limewahi kuuweka.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Kitambaa ni pamba nzito isiyopaushwa, ukoo wa merikani ya zamani. Tuliichemsha kwa majani ya chai na chumvi ndani ya sufuria kubwa, kila kipande kwa muda wake, ili nguo 12 zitoke rangi 12, kutoka mchanga hadi udongo. Hakuna sare. Watu wa mhubiri yule walikuja mmoja mmoja kutoka nyumba tofauti, na nguo inasema hivyo. Msalaba hakuna, mwezi hakuna, nyota hakuna. Kilemba hakuna.

Kisha nikaondoa taharizi.

Kanzu bila taharizi ni mfuko. Juu inakaa vizuri, ukiitazama kwenye hanga hutaona kasoro. Lakini mtu akiivaa hawezi kupiga hatua. Anatembea kwa vidole, kwa nusu hatua, kama aliyefungwa pingu asizoziona. Kikwapa nacho nikakiondoa, kwa hiyo akiinua mikono kuomba nguo yote inampanda, anajiona aibu, anaishusha. Lisani niliiacha, maana hao watu bado wana ulimi, hata kama hawautumii. Kanzu ya kawaida kwa kitambaa kile chembamba ingekula mita 4. Hizi zilikula mita 3 na robo. Kwa nguo 12 tuliokoa mita 9, na mwalimu, ambaye ndiye mwenye mkoba, hapo akaanza kuupenda mkato wangu.

Mhubiri hatukumshonea kanzu. Anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa na viatu vinavyong'aa. Hatua zake ni ndefu, na ni yeye peke yake jukwaani anayeweza kukimbia. Siku ya mazoezi kijana anayemcheza alivuka jukwaa kwa hatua 5, na wafuasi 12 wakamfuata kwa vihatua vyao, kitambaa kikikwaruzana magotini. Hakuna aliyesema neno la mchezo bado. Msichana mmoja anayecheza muumini alisimama katikati akasema, "Fundi, hii nguo yanitisha." Nikamwuliza inambana wapi. Akasema haimbani popote, ila haimpeleki anakotaka.

Kuna sharti moja nililolitia kwenye makubaliano, na limeandikwa kwenye risiti pamoja na bei. Baada ya onyesho la mwisho nguo zote zinarudi hapa Magongo. Hazikodishwi kwa kikundi kingine, haziwekwi stoo ya shule, hazitumiwi kwenye video ya mtu. Nitazifumua mshono kwa mshono, nipige pasi vipande, na kitambaa kile cha rangi ya chai nikigeuze foronya na mifuko ya soko. Mwalimu aliuliza kama si hasara kuharibu kazi ya wiki tatu. Nikamwambia kufumua kanzu moja ni kazi ya saa moja na nusu, na hizo saa sitamtoza.

Yule mama wa Roho amekuja wiki hii kuchukua kanzu yake. Pindo jipya, nyuzi mpya msalabani. Alijipima mbele ya kioo, akapiga hatua tatu kwenda mlangoni na tatu kurudi, taharizi zikafunguka pande zote mbili kama inavyotakikana. Akauliza bei, akalipa, akaikunja akaitia kwenye mfuko.